Mtoto hatulii mkekani: angalia hapa kabla ya kumlaumu

Jumamosi baada ya Alasiri, darini kwetu, juu ya paa la nyumba mtaani Langoni, Lamu, chini ya makuti, hukusanyika watoto kumi hadi kumi na watano, wa miaka mitano mpaka kumi. Tunafanya yoga, ingawa wao wenyewe neno hilo hawalitumii. Huambiana "twende tukajipinde". Sitafuti mtoto wa kujikunja kama pweza. Ninayemtaka ni yule ambaye akipandwa na hasira, akiingiwa na hofu au akipagawa kwa furaha ya Idi, anajua njia ya kurudi mwenyewe, bila kungoja kofi wala peremende.

Huu ni mwaka wa tatu, na nimeharibu mara nyingi. Nikiyatazama makosa yale, machache sana yalikuwa ya mtoto. Mengi yalikuwa ya saa niliyochagua, hesabu niliyohesabu, au sauti niliyotumia. Basi nimeyapanga mambo kwa dalili, vile unavyoyaona ukiwa umesimama mbele yao na jasho linakutoka, kisha chanzo, kisha la kufanya. Ukiikuta dalili yako, anza hapo. Mengine yatangoja.

Kwanza tumbo, choo na jua

Uliza amekula saa ngapi. Aliyetoka kushiba wali sasa hivi atatapika ukimwinamisha, na aliyeishia kwenye hamri la asubuhi atalia kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu. Mimi hutaka yapite kama masaa mawili baada ya mlo mkubwa, na huweka ndizi chache kando kwa wale wa pili. Uliza kama amekwenda chooni. Fujo nyingi za robo saa ya kwanza nimezitibu kwa kumpeleka mtoto mmoja msalani, wenzake wanne wakakumbuka kuwa nao wanabanwa.

Tazama jua pia. Miezi ya Kaskazi, hasa Januari mpaka Machi, darini saa tisa ni tanuri. Mtoto aliyeiva kwa joto hana subira, na hata mimi sina. Tulikuwa tukianza saa tisa. Nilipohamisha kwenda saa kumi na robo, shida mbili nilizokuwa nimeziandika daftarini kama "utovu wa nidhamu" zikaondoka zenyewe.

Sukari niliisingizia kwa muda mrefu. Nilikuwa nawanyang'anya ubuyu mlangoni. Lakini watafiti waliowapa watoto sukari na wengine kitu kitamu kisicho na sukari, bila mzazi kujua nani kapewa nini, hawakuona tofauti katika tabia. Ubuyu siku hizi nawaachia, ila wasiteme kokwa mkekani.

"Nikisema fumbeni macho mtulie, wanacheka na kusukumana"

Fikiria siku ya mtoto wa Lamu. Asubuhi amekaa darasani. Mchana amekaa tena, ama darasani ama chuoni, yaani madrasa, mguu juu ya mguu, Juzuu Amma mapajani. Njiani kuja kwako amebanana na punda wawili wenye mawe kwenye kichochoro. Anafika darini kwenye upepo na nafasi, na jambo la kwanza unalomwambia ni akae, afumbe macho, anyamaze. Mimi pia ningesukuma mtu.

Utulivu umewekwa mwanzoni, na mahali pake ni mwishoni. Mwili wenye nguvu iliyolala huanza kwa kazi nzito. Nasi huanza na punda: mikono chini, miguu nyuma inarushwa juu, mara kumi. Halafu kaa wa pwani, kutembea kwa mikono na miguu tumbo likiwa juu, toka ukuta huu mpaka ule. Halafu kuta zenyewe: kila mtoto anaegemeza viganja na kuusukuma ukuta kama anataka kuuhamisha uende Shela, kijiji cha jirani. Ukuta wa mawe ya matumbawe wa nyumba hizi hauendi popote, na huo ndio uzuri wake. Misuli inapokutana na kitu kisichotikisika, mtoto anauhisi mwili wake ulipoanzia na ulipoishia. Baada ya dakika kumi za namna hiyo kelele hupungua bila mtu kukemea.

Ndipo tunaingia kwenye mikao ya kusimama. Ule ambao kwenye vitabu unaitwa mti sisi ni mkoko, vidole vya mguu vimejikita kwenye tope. Jahazi ni kukaa kwa makalio na kuinua miguu mpaka mwili uwe kama omo na tezi, mbele na nyuma ya chombo. Paka hana haja ya maelezo katika mji huu. Na mwisho kabisa, wakiwa wamechoka kwa furaha, ndipo walale chali. Kufumba macho ni hiari. Asiyetaka atazame makuti.

Kucheka usikukataze. Kicheko kina pumzi ndefu ya kutoka ndani yake. Mtu akijamba katikati ya mkao wa paka, na atajamba, tucheke sote mara moja, tuendelee.

"Nikimwambia apumue, ndiyo kwanza anazidi"

Dalili hii ndiyo niliyoletewa na wazazi kuliko zote, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Mtoto amekasirika. Mama anamwambia, "Vuta pumzi, vuta sana!" Mtoto anavuta kwa mabega, kifua kinajaa, uso unaiva, kisha anapiga ukelele kuliko ule wa kwanza. Mama ananiambia, "Mwalimu, hiyo pumzi yako haifanyi kazi."

Tuanze na hesabu. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa shule ya msingi hupumua kwa kasi zaidi, mara nyingi baina ya 18 na 25. Ukimhesabia "moja, mbili, tatu, nne" kwa mwendo wa kifua chako, kabla hujafika tatu yeye ameshamaliza hewa, na sasa ana hofu juu ya hasira.

Kosa kubwa zaidi ni kukazania kuvuta. Mtu akivuta pumzi kubwa kubwa upesi upesi, kaboni dayoksaidi mwilini hupungua kupita kiasi. Kichwa kinazunguka, vidole vinaingia ganzi, na mwili unadhani kuna hatari. Kitulizo kiko kwenye kutoa. Kuna neva ndefu inayoitwa vagasi, inatoka kwenye ubongo ikishuka mpaka moyoni na tumboni. Unapovuta pumzi, mkono wa neva hiyo juu ya moyo hulegea na moyo huenda mbio kidogo. Unapotoa, hukaza breki na moyo hupunguza mwendo. Huhitaji kuniamini: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako, chini ya kidole gumba, uvute taratibu na utoe taratibu, usikilize. Kwa watoto tofauti hiyo huwa kubwa kuliko kwetu. Nao hupenda sana kuigundua. Walipolijua hilo, nusu saa nzima ikaliwa na kupimana mapigo, nikaiacha iliwe.

Halafu kuna amri. Neno "pumua!" likisemwa kwa sauti ya "nyamaza!" ni neno moja.

Sasa la kufanya. Sisemi tena "vuta". Ninaleta beseni la maji na jahazi.

Jahazi letu limekatwa kwenye soli ya ndara, urefu wa kiganja, mlingoti ni kijiti cha mshikaki, tanga ni kipande cha mfuko wa unga. Kazi ni kulivusha toka ukingo mmoja wa beseni mpaka wa pili kwa pumzi moja, bila kulipindua. Mtoto wa kwanza kujaribu, kijana wa gredi ya pili aliyekuja huku amekunja ngumi kwa sababu ya ugomvi wa njiani, alipuliza kama anazima moto. Jahazi likalala ubavu papo hapo, tanga likalowa. Akanitazama. Sikusema kitu. Akalisimamisha, akapuliza tena, likalala tena. Mara ya tatu alichuchumaa, kidevu kikawa sawa na maji, midomo akaikunja ndogo kama anapiga mluzi, akatoa hewa nyembamba, ndefu, ndefu, mabega yakishuka yenyewe huku jahazi likienda. Lilipogusa ng'ambo alikuwa amekwishafungua ngumi. Hakuna aliyemwambia azifungue.

Beseni linafundisha kile ambacho mimi nilishindwa kukieleza kwa mwaka mzima. Pumzi ya nguvu inapindua, pumzi ndefu inavusha. Kuvuta kunajipanga kwenyewe. Hakuna mtu anayesahau kuvuta. Mahali pasipo na beseni, kupoza uji kijikoni hufanya kazi ileile, ama kuvuma kama nyuki, mdomo umefungwa, "mmmm" mpaka pumzi iishe, mikono juu ya masikio ili mtoto ausikie mvumo kichwani mwake. Wahindi wana jina la pumzi hiyo, na jina lenyewe linatokana na nyuki. Wadogo wa miaka mitano wanaipenda kuliko chochote.

Na mambo ya kutofanya. Usimfundishe mtoto kuzuia pumzi, hasa mwenye pumu. Usimfundishe ile pumzi ya haraka haraka ya kupiga tumbo ambayo watu wazima huifanya. Kupumua mbio kwa makusudi kunaweza kumletea degedege mwenye aina fulani za kifafa, na hospitalini huifanya kusudi wakati wa kupima ubongo ili waione dalili. Darini si mahali pa kuijaribu.

"Kwako ni maji ya mtungini, nyumbani ni bahari ya Kusi"

Maneno haya aliniambia mama mmoja mlangoni, akiwa amejifunga leso, mtoto kamshika mkono. Kwangu mwanawe alikuwa mtulivu. Nyumbani alikuwa akirusha vyombo.

Nikamuuliza, "Akikasirika humwambia nini?"

"Namwambia nenda kwenye mkeka ukapumue, usirudi mpaka utulie."

"Na asipotaka?"

"Namburuta."

Nilinyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilifanya hivyohivyo. Nilikuwa na mkeka mdogo wa ukindu pembeni, nikiuita mkeka wa utulivu, na kila aliyepiga mwenzake nilimpeleka pale. Mwezi haukuisha, mkeka ule ukawa jela. Watoto wakawa wanatishana nao: "Nitakusemea upelekwe mkekani." Nikauondoa.

Ujuzi wa kujituliza hauingii wakati mtoto anachemka. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "ngoja kwanza", huendelea kukomaa mpaka mtu akaribie miaka 25, na hasira ikipanda ndiyo ya kwanza kuzidiwa. Nahodha hamfundishi baharia kupunguza tanga wakati dhoruba imeshaingia. Humfundisha bandarini, mara mia, mpaka mikono ijue bila kichwa kuulizwa.

Nilimwomba mama yule afanye mambo machache. Dakika tatu kila siku baada ya Magharibi, siku njema na siku mbaya, akae chini na mwanawe wavume nyuki mara tano na walaze miguu ukutani, yaani walale chali makalio yakiwa karibu na ukuta na miguu imepanda juu. Afanye naye, asisimame mlangoni kama askari. Mtoto huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu kabla hajaweza kujitengenezea wake. Na siku ya ghasia asimwambie kitu juu ya pumzi. Akae sakafuni, aondoe vyombo vinavyovunjika, apumue yeye kwa sauti ya kusikika. Mtoto akimfuata, vyema. Asipomfuata, hakuna kilichopotea.

Alirudi baada ya wiki tatu. Vyombo bado vilirushwa, akasema, ila sasa mtoto alikuwa anarusha vya plastiki tu, akichagua. Alisema kwa masikitiko. Mimi nilitaka kupiga kigelegele: mtoto anayechagua sufuria ya plastiki katikati ya hasira ameshashika usukani kidogo.

"Huyu hana shida, ametulia kabisa"

Mtazame tena. Kila kundi lina mmoja ambaye hufanya kila mkao sawasawa, hacheki, haulizi, hasogei. Mwalimu mchovu humshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kunyamaza na kutulia ni vitu viwili. Aliyetulia ana uso laini, tumbo linapanda na kushuka, ukimwita anageuka. Aliyeganda ana mabega yaliyopanda masikioni, pumzi fupi ya juu ya kifua, vidole vimeshika ukingo wa mkeka, na ukipita nyuma yake anashtuka.

Mtoto wa namna hii usimfumbishe macho. Usimguse kumrekebisha mkao bila kumwuliza, na akisema hapana, iwe hapana. Mpe mkeka ulio karibu na ngazi, aone pa kutokea. Mpe uchaguzi mdogo mdogo: kasa au paka? mkono huu au ule? Kwa mtoto aliyezoea kuamuliwa kila kitu, kuchagua baina ya kasa na paka si jambo dogo.

Huenda ni mwenye haya tu. Huenda ni msiba nyumbani, au wazazi wametengana. Na huenda kuna mtu anamdhuru. Akikuambia jambo, msikilize mpaka mwisho, usimhoji kama polisi, usimwahidi kuwa utaificha siri. Simu ya watoto ya bure nchini Kenya ni 116, na ofisi ya watoto ya kaunti ipo kwa kazi hiyo. Hapo yoga imefika mwisho wake, na wewe mwalimu wa kupinda usijifanye tabibu.

"Hafuati maelekezo, na mguu mmoja haumsimamishi"

Kabla hujamwita mkaidi, chunguza masikio. Watoto wetu wanashinda majini gatini, masikio yanauma, yanatoa usaha, na mtoto aliye na sikio bovu hafuati maelekezo kwa sababu hajayasikia. Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, uone. Macho vilevile. Na umri: wa miaka mitatu akisimama kwa mguu mmoja sekunde mbili tatu ametosha, usimlinganishe na kaka yake wa miaka minane. Aegemee ukuta.

Mwenye ugonjwa wa Down asisimamishwe kichwa chini wala asipigishwe kichwangomba kabla daktari hajaiangalia shingo yake, kwa kuwa mifupa ya juu ya shingo inaweza kuwa legevu. Mwenye selimundu (sikoseli) anywe maji mara kwa mara, asichoshwe, asiachwe alale kwenye upepo baridi akiwa na jasho. Mambo haya mwulize mzazi siku ya kwanza, uyaandike.

"Anasinzia kila tukilala chali"

Amekosa usingizi. Watoto wa miaka sita mpaka kumi na miwili wanahitaji masaa 9 hadi 12 kwa siku. Mfunike leso, mwache. Ongea na mzazi kuhusu simu ya usiku.

"Wavulana wanasema ni mambo ya wazungu na wanawake"

Wana sababu. Kila mwaka wanaiona tamasha ya yoga Shela, na wageni ndio wengi mikekani. Sikubishana nao. Nilimwomba baharia mmoja kijana, mshindani wa mashindano ya majahazi, aje asimame mkoko kwa mguu mmoja nao washindane naye. Alisimama huku akila embe. Mjadala ukaisha.

"Maalim na nyanya wanasema ni ibada ya Kihindi"

Hapa sitapita mbio, kwa sababu wengi waliokwama Lamu wamekwama hapa, na wengi wamekwama kwa kiburi chao wenyewe.

Usiseme "hapana, si kweli" upesi. Yoga imetoka Bara Hindi, imekua ndani ya dini za huko, na neno lenyewe ni la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha, kama kufunga nira. Mzee anayeuliza hajakosea, ana haki ya kujibiwa. Wala si Lamu pekee. Malaysia mwaka 2008 Baraza la Kitaifa la Fatwa liliikataza kwa Waislamu; siku chache baadaye waziri mkuu, Abdullah Ahmad Badawi, akasema mazoezi ya mwili yasiyo na maneno ya ibada hayana tatizo. Saudi Arabia mwaka 2017 wizara ya biashara iliiingiza kwenye orodha ya shughuli za michezo. Na si Waislamu tu: jimbo la Alabama huko Marekani, la Wakristo wengi, liliipiga marufuku katika shule za umma mwaka 1993, likairuhusu 2021 kwa masharti. Mikao itajwe kwa Kiingereza, pasiwe na maneno ya Kisanskriti, mzazi atie sahihi. Niliposoma hayo nilicheka, maana ni karibu yaleyale tuliyokubaliana sisi kwenye baraza la daka, ukumbi wa mlangoni, bila kumwuliza mtu wa Alabama.

Mimi si mtoa fatwa. Nilichofanya ni kwenda kabla sijaitwa. Nilikosea mwaka wa kwanza: nilianza kwanza, nikaeleza baadaye, na maneno yakawa yameshazunguka toka Langoni mpaka Mkomani kabla sijajua. Mwaka wa pili nilimwendea maalim nikakaa chini nikamwonyesha kila tutakachofanya. Hatusemi neno lolote la Kisanskriti. Hatukutanishi viganja kifuani. Hatuwashi mshumaa wala udi. Nguo ni za heshima, suruali pana na kanzu fupi, na wasichana wakubwa wana siku yao. Saa yetu haigusi swala. Na kulikuwa na jambo moja sikuliwaza mpaka yeye aliponiambia: ule mkao wa kupiga magoti paji la uso likiwa chini unafanana na sijda, na mtoto asije akaizoea sijda kama mchezo. Alikuwa na haki. Sasa tunafanya kasa ubavuni, amejikunja ndani ya gamba lake, mikono imekumbatia magoti. Unatuliza vilevile, na pengine zaidi, kwa sababu mtoto anaona anapotaka kuona.

Nyanya mmoja alisikiliza yote, akaniuliza, "Mwanangu, kwani sisi tulikuwa hatupumui?" Nikamjibu, "Mlikuwa mkipumua, nyanya, ila nyinyi hamkuwa na simu." Akacheka, akamleta mjukuu. Wengine hawakumleta, na huwa sirudi kuwabembeleza. Mtoto wa nyumba hiyo anaweza kuogelea, kusuka ukili na bibi yake, kupiga makasia. Kazi ya mkono yenye mwendo wa kurudiarudia humtuliza mtoto, na haihitaji mkeka wangu.

"Mwezi umepita, sioni kitu"

Pengine unatazama pasipo. Mabadiliko huanza baada ya tukio, hayaanzi kabla. Atakasirika vilevile, ila atachukua dakika kumi kurudi badala ya arobaini. Andika dakika, utaona. Tafiti juu ya yoga ya watoto nyingi ni ndogo na matokeo yake hayafanani, ingawa mengi yanaelekea kwenye heri. Mimi siwaahidi wazazi zaidi ya hapo. Lakini mtoto anayejiumiza, anayerudi kukojoa kitandani baada ya kuacha, anayekata fahamu au kutetemeka, huyo apelekwe kliniki wiki hiihii, si baada ya mwezi.

"Jahazi lenyewe sasa ndilo ugomvi"

Naam. Watoto kumi na wanne, beseni moja, jahazi moja. Chombo cha kutuliza kikaleta ngumi. Nilitengeneza majahazi kumi na manne, kila mtu na lake, ugomvi ukaisha, na nikagundua nimekiondoa nilichokuwa nakifundisha. Kungoja zamu ndiko kujimudu kwenyewe.

Sasa tuna mabeseni matatu, jahazi moja kila beseni, watoto wanne au watano kwa kila moja. Zamu inakurudia baada ya dakika moja hivi, muda ambao wa miaka saba anauweza kwa taabu na wa miaka mitano hauwezi kabisa. Wa miaka mitano ndiye mwaga maji: anajaza, anapangusa, anaamua kama jahazi limefika au halikufika. Hajawahi kutokea mwamuzi mkali kama huyo.

Ndara usinunue. Kusi inapovuma bahari hutupa za kila rangi pwani, na watoto wa hapa wanajua habari yake, kwa kuwa Flipflopi, jahazi zima la plastiki na ndara kuukuu, liliundwa papa hapa Lamu likashushwa majini 2018. Tafuta iliyo nene. Kata wewe mwenyewe kwa kisu kabla hawajaja, tezi ya jahazi iwe pana kuliko omo yake, na tanga liwe dogo kuliko unavyofikiri. Likiwa kubwa litapinduka hata kwa pumzi nzuri, na mtoto atadhani kosa ni lake.